Kupika Mwaka Mpya wa Kijapani siku kwa siku, tangu kuloweka soya nyeusi hadi kuvunja mochi

Nchini Japani, asubuhi ya tarehe 1 Januari si wakati wa kupika. Chakula kimekwisha kuwa tayari, kimepangwa ndani ya masanduku ya mti yenye rangi ya kung'aa, moja juu ya jingine, na kazi iliyobaki jikoni ni kupasha supu tu. Chakula hicho huitwa osechi. Hupikwa siku tatu au nne kabla, kwa sukari, siki, chumvi na sosi ya soya ya kutosha kukifanya kistahimili hadi tarehe 3. Zamani maduka yalifungwa siku hizo zote, mama wa nyumba alistahili kupumzika, na meko yenyewe iliachwa itulie kwa heshima ya mungu wake. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata tarehe. Mapishi yenyewe si magumu. Kinachomshinda mgeni ni mpangilio wa siku: anaanza soya nyeusi jioni ya tarehe 31, usiku unamkuta bado anachochea, na tambi za soba za kuaga mwaka hazijapikwa.

Asili ya jina osechi ni karamu za misimu zilizofanyika katika kasri la mfalme enzi za Heian, kati ya karne ya 8 na ya 12. Sikukuu za misimu zilikuwa tano: tarehe 7 ya mwezi wa 1, tarehe 3 ya mwezi wa 3, 5 ya mwezi wa 5, 7 ya mwezi wa 7 na 9 ya mwezi wa 9. Baadaye jina hilo likabaki kwa chakula cha Mwaka Mpya peke yake. Japani ilipoacha kalenda ya zamani na kuanza kutumia kalenda ya kimataifa mwaka 1873, Mwaka Mpya ulihamia tarehe 1 Januari pamoja na vyakula vyake vyote. Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza upishi wa Kijapani katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na sherehe ya Mwaka Mpya ikatajwa waziwazi katika jina la urithi huo.

Kabla hujawasha jiko, fahamu jambo moja zaidi. Karibu kila chakula kwenye sanduku ni dua iliyofichwa ndani ya jina au umbo. Soya nyeusi ni kuromame, na neno mame lina maana ya pili: mtu mwenye bidii na afya. Mwani wa kombu unasikika ndani ya yorokobu, kufurahi. Samaki tai, mwekundu na mwenye umbo kama la changu, anasikika ndani ya medetai, yaani jambo la heri. Kamba ana mgongo uliopinda na sharubu ndefu kama mzee, basi ni dua ya maisha marefu. Mzizi wa yungiyungi una matundu, nawe unachungulia mwaka ujao kupitia humo. Mtu aliyezoea kusoma jina la kanga kabla ya kuinunua hatapata taabu kuielewa meza hii.

Vipimo vyote hapa ni vya watu 4.

Tarehe 26 na 27: kununua na kuchagua

Usijaribu kupika aina zote. Masanduku kamili yana vyakula ishirini na zaidi, na familia nyingi za Kijapani siku hizi huagiza sehemu kubwa dukani, maagizo yakianza kupokelewa tangu majira ya vuli. Kiini cha osechi ni vitu vitatu vinavyoitwa iwaizakana. Upande wa Tokyo ni soya nyeusi, mayai ya samaki heringi yanayoitwa kazunoko, na dagaa wa tazukuri. Upande wa Kyoto na Osaka, mizizi ya gobo iliyopondwa na kuungwa ufuta huchukua nafasi ya dagaa. Ukiwa na vitatu hivi na mochi, yaani madonge ya mchele wa kunata uliotwangwa, mwaka umefunguliwa kwa heshima. Mimi ningeongeza kachumbari ya figili, viazi vitamu vya kurikinton na mboga za nishime, kisha ningeishia hapo.

Nunua soya nyeusi kavu gramu 200, dagaa wakavu wasio na chumvi gramu 50, figili nyeupe ndefu moja, karoti, viazi vitamu gramu 500, magimbi madogo, mzizi wa yungiyungi, uyoga mkavu wa shiitake, mwani wa kombu, samaki aliyekaushwa na kukwanguliwa aitwaye katsuobushi, miso nyeupe (rojo la soya iliyochachushwa), tambi kavu za soba na mochi. Ikiwa huko uliko kuna duka la vyakula vya Asia, nusu ya orodha hii utaipata hapo. Kazunoko ni ghali na ni vigumu kuipata nje ya Japani. Iache bila kuona haya.

Neno kwa Waislamu na kwa yeyote asiyetumia kileo: mapishi mengi ya Kijapani yanataja sake, ambayo ni pombe ya mchele, na mirin, ambayo ni tamu lakini nayo ina kileo. Kila penye mirin weka maji na sukari kidogo, au asali iliyozimuliwa. Penye sake weka maji. Soma pia vibandiko vya kamaboko, ile keki ya samaki yenye rangi nyekundu na nyeupe, kwa sababu mara nyingi imetiwa mirin.

Tarehe 28: mochi

Mochi hutengenezwa tarehe 28 au 30. Tarehe 29 haiguswi, kwa sababu tisa kwa Kijapani hutamkwa ku, sawa na neno la mateso. Nane, kinyume chake, huandikwa kwa mistari miwili inayotanuka kuelekea chini, na hiyo ni ishara ya neema inayozidi kupanuka. Kuweka mapambo tarehe 31 pia hakupendezi: huonekana ni kumkaribisha mgeni kwa pupa ya usiku mmoja, kama inavyofanywa msibani.

Mchele wa mochi ni mchele wa kunata, si wa pilau. Unaoshwa, unalowekwa usiku kucha, unatandazwa juu ya kitambaa na kupikwa kwa mvuke kama dakika 40 hadi punje ziwe laini kabisa. Kisha unatwangwa. Kinu cha Kijapani, usu, ni kipana na shimo lake halina kina, na mchi wake, kine, una umbo la nyundo kubwa ya mti. Kwanza wali unakandamizwa na kusagwa kwa kichwa cha kine ili punje zisiruke, halafu ndipo mapigo yanaanza. Mtu mmoja anapiga. Mwingine, mikono imelowa maji, anageuza donge katikati ya pigo na pigo. Ni kazi ya kusikilizana. Wanaofanya hivyo huitana kwa sauti kila pigo, na aliyekulia kwenye nyumba ambamo wawili walitwanga kwa zamu katika kinu kimoja atautambua mdundo huo bila kufundishwa.

Nyumbani bila kinu, tumia mashine ya kukandia unga, au nunua mochi kavu zilizofungwa moja moja. Hakuna fedheha, Wajapani wengi hufanya hivyo.

Kutokana na donge la kwanza viringisha mbili, kubwa na ndogo, ziweke moja juu ya nyingine, na juu kabisa weka danzi. Hii ni kagami mochi, sadaka kwa mungu wa mwaka. Danzi kwa Kijapani ni daidai, na neno hilohilo linamaanisha kizazi baada ya kizazi. Tunda lenyewe hukaa mtini msimu hadi msimu bila kuanguka. Kagami mochi ibaki mahali pake hadi tarehe 11 Januari.

Tarehe 29 usiku: soya nyeusi

Hapa ndipo subira inapohitajika kuliko ufundi. Chemsha maji lita 1.2 pamoja na sukari gramu 150, vijiko 2 vya chakula vya sosi ya soya na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Zima jiko. Mimina humo soya zilizooshwa, ongeza ncha ya kijiko ya magadi soda, funika, uache hadi asubuhi. Kuloweka ndani ya mchuzi wa moto uliokwisha kukolea ndiyo siri ya ganda kubaki nyororo: sukari inaingia taratibu pamoja na maji, na punje haistuki. Wazee waliweka pia msumari wenye kutu, umefungwa kitambaani, ili chuma kiikoleze rangi nyeusi ya soya. Ukiwa na sufuria ya chuma cha kusubu, msumari hauhitajiki.

Asubuhi ya tarehe 30 washa moto. Mchuzi ukianza kuchemka, toa povu lote, kisha teremsha moto hadi uwe mdogo kabisa. Kata karatasi ya kuokea kwa umbo la duara, toboa tundu katikati, ilaze juu ya soya zenyewe. Bibi mmoja wa Kyoto aliyenionyesha kazi hii alikuwa akichungulia kila nusu saa kwa jambo moja tu: soya zimezama au zimeibuka? Punje ikiibuka juu ya mchuzi, inakunjamana papo hapo na hairudi. Mchuzi ukipungua, ongeza maji ya moto, kamwe si ya baridi. Zitachukua saa 4 hadi 6. Onja: punje ipondeke kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho bila kutumia nguvu. Ziache zipoe ndani ya mchuzi wake usiku mzima.

Wako watu wa upande wa Tokyo wanaopenda soya zilizokunjamana, wakisema ndivyo ngozi itakavyokuwa tukijaliwa kufika uzeeni. Naiheshimu hoja hiyo, lakini nyororo ni tamu zaidi.

Tarehe 30: vinavyokaa vizuri kwa siki na sukari

Soya zikiwa jikoni, mikono yako iko huru.

Dagaa kwanza. Tazukuri maana yake ni mtengeneza shamba la mpunga, kwa kuwa zamani dagaa walitumika kama mbolea ya mashamba hayo. Kuwala ni kuomba mavuno. Wakaange bila mafuta kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika kama 10, ukiwageuza bila kuacha. Mchukue mmoja, mwache apoe, mvunje: akikatika kwa mlio, wameiva. Akipinda, endelea. Wamwage kwenye sinia, pepeta vumbi na vipande vilivyovunjika. Katika kikaango hichohicho chemsha vijiko 2 vya chakula vya sukari, kijiko kimoja na nusu cha sosi ya soya na vijiko 2 vya maji. Mapovu yakiwa makubwa na mazito, rudisha dagaa, zungusha haraka, nyunyizia ufuta, watandaze mbalimbali juu ya karatasi iliyopakwa mafuta kidogo kabla hawajashikana. Dagaa wa Kigoma wanafaa kwa kazi hii wakisafishwa mchanga vizuri na kukaushwa tena. Na ufuta nao una hadithi yake: Tanzania ni mojawapo ya nchi zinazoiuzia Japani ufuta, kwa hiyo punje zinazonyunyizwa juu ya sanduku la Mwaka Mpya huko Osaka huenda zilivunwa Lindi au Mtwara.

Kisha namasu, kachumbari ya rangi za heri, nyekundu na nyeupe. Katakata figili gramu 400 na karoti gramu 40 kwa vijiti vyembamba. Uwiano huo wa kumi kwa moja una sababu: karoti ikizidi, nyekundu inaitawala sahani. Tia kijiko cha chai cha chumvi, acha dakika 10, kamua hadi tone la mwisho. Changanya vijiko 4 vya siki na vijiko 2 vya sukari, mimina, weka kwenye jokofu. Kesho itakuwa tamu zaidi ya leo.

Kurikinton ni dhahabu ya sanduku, dua ya mali. Menya viazi vitamu kwa kisu kinachoingia ndani, maana tabaka la chini ya ganda ndilo linaloleta weusi na nyuzi. Loweka majini dakika 15, pwaza hadi viwe laini, visugue vikiwa moto kwenye chekecheke. Rudisha jikoni na sukari gramu 120 pamoja na maji kidogo, koroga kwa mwiko hadi ukivuta mstari chini ya sufuria ubaki unaonekana kwa muda. Wajapani hupata rangi ya dhahabu kwa tunda kavu la kuchinashi. Chembe ya manjano itafanya kazi hiyo, lakini iwe chembe kweli, isije ikasikika mdomoni. Mwisho huchanganywa na kokwa za kuri zilizopikwa kwa sukari, zinazouzwa ndani ya chupa.

Tarehe 31: mboga, kupanga masanduku, na soba

Asubuhi pika supu ya msingi, dashi, ya kutosha siku mbili. Weka gramu 20 za kombu kwenye maji lita 2, acha nusu saa, pasha polepole na uutoe mwani kabla maji hayajachemka, kwa sababu ukichemka nayo unaleta utelezi na uchungu. Tenga mililita 800 za supu hii ya mwani mtupu kwa ajili ya kesho. Iliyobaki ichemshe, tia gramu 25 za katsuobushi, zima, subiri dakika 2, chuja bila kukamua.

Kwa nishime, chemsha magimbi, karoti, mzizi wa yungiyungi na shiitake zilizokwisha kulowekwa, ndani ya kikombe kimoja cha dashi, maji yaliyolowekewa uyoga, sosi ya soya na sukari, hadi mchuzi ukaribie kukauka. Karoti hukatwa kwa umbo la ua. Kila mboga ina ladha yake na zote zimo katika sufuria moja: ndiyo dua ya jamaa kukaa pamoja.

Kila kitu kipoe kabisa ndipo kiingie sandukuni. Chakula chenye joto kikifungiwa hutoa jasho, na jasho ndilo linaloharibu. Sanduku la kwanza, la juu, ni la soya, dagaa, kurikinton na kamaboko. La pili ni la vya kuchoma, kama kamba na samaki, pamoja na namasu. La tatu ni la nishime. Wenye sanduku la nne huliita yo no ju na kuliandika kwa herufi tofauti na ile ya nne ya kawaida, kwa sababu nne hutamkwa pia shi, kifo. Vitu vyenye majimaji vitie kwenye vikombe vidogo. Anzia pembeni, sukuma vikaribiane, usiache pengo. Sanduku lenye nafasi tupu linaonekana la huzuni. Nchi ikiwa na joto kama letu la Desemba, yaweke kwenye jokofu mara moja, na mwiko wa siku tatu usiuvuke.

Usiku ni zamu ya toshikoshi soba, tambi za kuvuka mwaka, desturi iliyoenea enzi za Edo, kati ya karne ya 17 na ya 19. Tambi za soba ni ndefu, kama umri unaoombewa, lakini pia hukatika kwa urahisi kuliko tambi nyingine, na kwa hivyo mabaya ya mwaka unaoisha hukatiwa hapo. Chemsha gramu 400 kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, zioshe kwa maji baridi ukizisugua ili utelezi utoke, zipashe tena kwa maji ya moto sekunde chache. Kwa dashi lita 1 weka mililita 70 za sosi ya soya na vijiko 3 vya sukari. Juu nyunyiza majani ya vitunguu na vipande viwili vya kamaboko. Kyoto huweka kipande cha heringi mkavu aliyepikwa mtamu. Ulizia wageni wako mapema: mzio wa soba ni mkali sana kwa wenye nao, na hata maji yaliyochemshia tambi ni hatari kwao.

Maliza bakuli kabla ya saa sita. Karibu na saa hiyo mahekalu ya Kibudha hugonga kengele mara 108. Na ukimuaga Mjapani usiku huo mwambie yoi otoshi o; ile akemashite omedeto gozaimasu hutamkwa mwaka ukishageuka, si dakika moja kabla.

Tarehe 1: zoni

Mbele ya kila mtu weka vijiti vya sikukuu, iwaibashi, vilivyochongoka pande zote mbili. Upande mmoja ni wako, wa pili ni wa mungu wa mwaka anayekula pamoja nawe. Usivigeuze kuchotea chakula kwa upande wa pili.

Zoni ni supu yenye mochi, na hakuna chakula kinachomtambulisha Mjapani kwao ni wapi kuliko hiki. Tokyo na mashariki: mochi ya pembe nne, inachomwa hadi ivimbe, inatiwa kwenye supu angavu ya dashi na sosi ya soya pamoja na kuku na mboga za majani. Kyoto: mochi ya duara, haichomwi, inachemshwa, na supu ni nzito ya miso nyeupe. Kagawa, katika kisiwa cha Shikoku, mochi ina maharage matamu ya azuki ndani yake na bado inaogelea kwenye miso nyeupe. Mume wa Tokyo na mke wa Kyoto wana mazungumzo ya kutosha asubuhi hiyo.

Nitakupa ya Kyoto, kwa kuwa ndiyo niliyoifundishwa. Kata figili na karoti kwa duara, si pembe, ili mwaka uende bila kugongana. Zipike pamoja na magimbi hadi zilainike. Pasha ile supu ya mwani uliyoitenga jana, yayusha humo gramu 160 za miso nyeupe, isichemke. Mochi chemsha kwenye sufuria nyingine hadi iwe laini katikati, weka moja kila bakuli juu ya kipande cha figili ili isishike chini, panga mboga, mimina supu, malizia na uzi wa katsuobushi.

Sasa sikiliza kwa makini. Kila Mwaka Mpya nchini Japani wazee hukabwa na mochi, wengine hufa, na zimamoto wa Tokyo hutoa onyo kila mwaka. Mkatie mzee vipande vidogo kama ncha ya kidole gumba, anywe supu kwanza ili koo lilowane, atafune hadi mwisho, na asiachwe ale peke yake. Mtoto mdogo usimpe kabisa.

Tarehe 7 na tarehe 11

Baada ya siku za sukari na chumvi, tarehe 7 tumbo hupumzishwa kwa nanakusa gayu, uji wa mchele wenye majani saba ya mwanzo wa mwaka: seri, nazuna, gogyo, hakobera, hotokenoza, suzuna na suzushiro. Hilo la mwisho ni jina la kale la figili, kwa hiyo ulipo unaweza kuanza na majani ya figili uliyobakiza na kuongeza mboga laini unazoziamini. Nusu kikombe cha mchele kwa vikombe vitatu na nusu vya maji, moto mdogo dakika 40, majani yaliyokatwakatwa dakika ya mwisho, chumvi. Basi.

Tarehe 11 kagami mochi hushushwa na kuvunjwa kwa nyundo. Haikatwi kwa kisu. Katika nyumba za samurai kisu kiliashiria kujiua, na hata neno kuvunja lilikwepwa, wakasema kufungua. Vipande vigumu huchomwa au huchemshwa ndani ya azuki, maharage madogo mekundu yaliyo ndugu wa karibu wa choroko. Gramu 200 za azuki zichemshwe mara moja, maji yamwagwe, zichemshwe upya kama saa moja hadi zipondeke, ndipo gramu 180 za sukari na chembe ya chumvi. Sukari ikitangulia, punje zitabaki ngumu hata ukichochea hadi usiku.

Miezi inayofuata

Sikukuu nyingine ni nyepesi. Jioni ya Setsubun, ambayo kwa kawaida huangukia tarehe 3 Februari, soya zilizokaangwa hurushwa nje kuyafukuza mapepo, oni wa soto, na ndani kuikaribisha bahati, fuku wa uchi. Kisha kila mtu hula idadi ya umri wake. Lazima ziwe zimekaangwa, kwani mbichi ikisahaulika pembeni ikachipua, mkosi umeota. Watoto wa miaka 5 na chini wasipewe punje ngumu. Tarehe 3 Machi, siku ya wasichana, ni wali wa chirashi wenye rangi nyingi na supu ya kombe za hamaguri, ambazo ganda la upande mmoja halilingani na lolote isipokuwa pacha wake, ndiyo dua ya ndoa njema. Tarehe 5 Mei ni kashiwa mochi iliyofungwa kwa jani la mwaloni ambalo haling'oki mtini hadi chipukizi litokee. Jani hilo haliliwi.

Mwezi mpevu wa vuli unahitaji maelezo zaidi kidogo, kwa sababu dango zake ni rahisi na watoto hupenda kuziviringisha. Changanya gramu 150 za unga wa mchele, nusu wa kunata na nusu wa kawaida, na maji ya uvuguvugu kama mililita 120, ukiyaongeza kidogo kidogo hadi donge liwe laini kama ncha ya sikio. Gawa vipande 15. Chemsha hadi vielee, hesabu dakika 2 zaidi, vitumbukize kwenye maji baridi. Panga 9 chini, 4 juu yake, 2 kileleni, weka dirishani unapouona mwezi. Kando yake huwekwa magimbi mapya yaliyopwazwa na maganda yake, na kihistoria hayo ndiyo mavuno yaliyoshukuriwa usiku ule.

Desemba 21 au 22, siku fupi kuliko zote, ni boga. Likate vipande vikubwa, ulaze upande wa ganda chini ya sufuria, maji yafike nusu ya kimo chake, sukari vijiko 2, sosi ya soya kijiko 1, dakika 15 bila kukoroga, na ukipenda tia azuki zilizokwisha kuiva. Likiwa bado lina joto, tazama kabatini kama soya nyeusi zimekwisha nunuliwa.